Simu Imekaa Kati Yenu: Tafuta Chanzo Kabla ya Dawa

Mke wangu alikuwa ananisimulia habari za dada yake. Mimi naitikia: ehee, ehee, kweli? Akafika mahali akanyamaza, nami sikutambua kwamba amenyamaza. Nilichokuja kutambua ni kwamba kiti chake ki tupu na taa ya chumbani imeshazimwa. Simu ilikuwa mkononi mwangu. Hadi leo siwezi kukumbuka nilikuwa naangalia nini, lakini ule ukimya wa nyumba naukumbuka vizuri sana.

Nilipotaka kujirekebisha nilikosea njia, na naona wengi wanakosea hapo hapo: nilihesabu saa. Nikajibana kutoka saa 5 kwa siku hadi saa 3, na nyumbani hakikubadilika kitu. Saa 2 nilizokata zilikuwa za safarini na za kwenye foleni, ambako simu haikuwa inamnyima mtu chochote. Saa 3 nilizobakiza ndizo zile zile za jioni, mtu akiwa mbele yangu anasema. Tangu hapo naamini hivi: simu haiharibu uhusiano kwa wingi wa saa. Inaharibu kwa kuingia katika nyakati fulani ndogo, na kila wakati wa namna hiyo una sababu yake. Dawa ya sababu moja haitibu nyingine. Mtu anayekimbilia simu kwa sababu inalia hawezi kutibiwa sawa na anayeikimbilia kwa sababu anaogopa mazungumzo yaliyopo mezani.

Kipimo cha kuanzia

Simu nyingi zina sehemu inayoonyesha muda wa matumizi; Apple na Google zote mbili ziliiweka mwaka 2018. Ifungue, ila usiishie kwenye jumla ya saa. Tazama umeishika mara ngapi, na mara hizo zimerundikana saa ngapi za siku.

Kisha chukua karatasi, na iwe karatasi kweli, maana ukienda kuandika kwenye simu utapotelea humo humo. Kwa siku 3, kila ukijikuta umeshika simu mbele ya mtu mwingine, jiulize nini kilitokea sekunde 5 kabla, uandike maneno mawili matatu. Baada ya siku hizo utaona majibu yako yote yanaangukia katika mafungu manne. Iliita. Haikuita, mkono ulikwenda wenyewe. Kulikuwa na jambo hapo ulipo ambalo ulitaka kulikwepa. Au kulikuwa na mtu au kazi upande wa pili iliyokuwa inakungoja kweli. Fungu lenye alama nyingi ndilo la kuanza nalo. Dalili zinazofuata karibu zote zinarudi kwenye mafungu hayo.

Kama simu inayokuumiza ni ya mwenzako, kipimo hiki usimfanyie wewe. Ukianza kumwandikia makosa yake kwenye daftari umeshakuwa askari, na hakuna anayemfungulia askari moyo. Mpe karatasi yake, wewe shika yako, mwanze siku moja.

Dalili: "Endelea tu, nakusikiliza"

Hii ndiyo inayoonekana ndogo kuliko zote, nami nitakaa nayo kwa sababu ndiyo mama wa nyingine.

Mtafiti wa Marekani John Gottman, aliyechunguza wanandoa kwa miongo mingi huko Seattle, aliwafuatilia watu waliooana karibuni kwa muda wa miaka 6. Alichokuwa anakitazama si ugomvi mkubwa. Ni ile miito midogo ambayo watu wanaoishi pamoja huitana siku nzima: "Njoo uone hii mvua." "Leo nimechoka jamani." Mkono unaowekwa begani kidogo. Waliokuwa bado pamoja baada ya miaka 6 walikuwa wameitikia miito hiyo kwa asilimia 86. Walioachana walikuwa wameiitikia kwa asilimia 33.

Sasa fikiria simu inakula nini hasa. Haili maongezi makubwa, kwa sababu likitokea la msiba au la ugonjwa kila mtu anaweka simu chini. Inakula hiyo miito midogo, mmoja mmoja, na kila mmoja peke yake ni mdogo mno kuugombania. Nani ataanzisha ugomvi kwa sababu ya mvua? Anajibu tu, "Hamna kitu, endelea na simu yako." Hiyo "hamna kitu" isikie vizuri. Maana yake ni kwamba aliita, hukuitika, na amejifunza kitu kuhusu kukuita.

Hatua inayofuata ni hatari zaidi na watu wengi huichukulia kuwa amani. Malalamiko yanakoma. Haulizwi mtu "unaongea na nani?" wala "utamaliza lini?" Na yeye sasa ana simu yake, mko kimya pamoja. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Baylor, Marekani, uliochapishwa mwaka 2016, uliwauliza watu wazima kuhusu jambo hili: asilimia 46.3 walisema wenzi wao huwapuuza kwa ajili ya simu, na asilimia 22.6 walisema jambo hilo limeleta ugomvi. Ona pengo lililopo. Wanaopuuzwa ni wengi kuliko wanaogombana. Kwa hiyo usisubiri ugomvi ndio ujue kuna tatizo. Kama zamani alikuwa anakulalamikia na sasa hakulalamikii, na wewe hujabadilika, mfuate leo.

Kama chanzo ni mlio, kazi ni nyepesi: zima arifa zote, kisha rudisha za kupigiwa simu na za watu wachache ambao kweli wakikukosa kuna kitu kitaharibika. Anza na vikundi. Kikundi chenye watu 100 kinaweza kukukatiza mara 40 jioni moja, na katika hizo 40 hakuna hata moja iliyokuwa imeandikwa kwa ajili yako.

Kama chanzo ni kukwepa, kuzima arifa hakutasaidia hata kidogo. Jiulize maongezi yenu yamekuwaje siku hizi. Kama kila akifungua mdomo ni bili, ni lawama, ni mtoto kafanya nini shuleni, simu imekuwa kichaka cha kujifichia. Ukiiondoa bila kugusa maongezi yenyewe, utatafuta kichaka kingine: televisheni, kazi, kulala mapema. Hapo cha kusema ni kile kinachokukimbiza. "Nikisikia habari za pesa usiku nashindwa kulala. Tunaweza kuzizungumza Jumamosi asubuhi?" Sentensi kama hiyo inarudisha jioni nzima.

Na kama kweli kuna mtu anangoja jibu, litamke hilo kwa sauti kabla ya kuinamisha kichwa: "Nipe dakika mbili nimjibu bosi, halafu unimalizie." Watu wengi hufika hapo wakaishia. Kinachoponya ni cha baada yake: ukishajibu, weka simu mbali na mkono, mgeukie, na uwe wewe wa kuyaanzisha upya pale pale yalipokatikia. "Ulisema dada yako alipofika kule, ikawaje?" Mtu akisikia hivyo anajua alikuwa amesikika. Akilazimika kuanza mwenyewe upya, hataanza. Atasema haikuwa kitu.

Dalili: haijalia, lakini mkono umeshaifuata

Mwaka 1957 wanasaikolojia B. F. Skinner na Charles Ferster walichapisha majaribio mengi waliyoyafanya kwa njiwa. Njiwa anayepewa punje baada ya idadi ya midono inayojulikana hupumzika akishapata. Anayepewa punje bila mpangilio, mara baada ya midono 3, mara baada ya 50, huendelea kudonoa kwa kasi bila kupumzika. Simu inakulisha hivyo hivyo. Unafungua, hakuna kitu. Unafungua, hakuna kitu. Unafungua, kuna ujumbe mzuri. Ingekuwa na kitu kila mara ungeizoea; ingekuwa haina kitu kamwe ungeiacha. Huko kutojulikana ndiko kunakoushika mkono.

Lipo na la pili. Zamani ukurasa wa mtandao ulikuwa na mwisho. Ukifika chini unainua kichwa, unaamua kama unaendelea au basi. Mwaka 2006 mbunifu Aza Raskin alitengeneza namna ya kurasa kujiongeza zenyewe kadiri unavyoteremka, na baadaye amesema hadharani kwamba anaijutia kazi hiyo. Pale palipokuwa na mwisho, ambapo mtu angeinua kichwa akakutana na macho ya mwenzake, pameondolewa.

Naeleza haya ili anayepuuzwa ajue kitu: mara nyingi wewe hujashindanishwa na kitu kizuri kuliko wewe ukashindwa. Mwenzako hajachagua. Mkono umekwenda kabla yeye hajafika. Hilo halifuti maumivu yako, lakini linabadilisha maneno ya kuanzia. Badala ya "unaipenda simu kuliko mimi" unaweza kusema "umeona mkono wako ulivyofanya sasa hivi?" La kwanza analikana. La pili, mara nyingi, anashtuka mwenyewe.

Dawa ya fungu hili ni umbali. Nia njema haitoshi, kwa sababu nia inafika ikiwa imechelewa. Kuilaza simu kifudifudi mezani hakutoshi vilevile. Mimi nilihamishia chaja kwenye chumba kingine, simu ikawa inaingia huko nikifika nyumbani na kukaa huko hadi watoto walale. Jioni ya kwanza niliuhesabu mkono wangu ukienda kwenye mfuko mtupu: mara 11 kabla ya saa 3 usiku. Mara moja ulikwenda katikati ya swali la mtoto. Wiki ya pili ilikuwa mara 4.

Ukishindwa umbali, weka vikwazo. Toa programu zinazokuvuta kwenye ukurasa wa kwanza wa simu. Toka kwenye akaunti kila ukimaliza, ili kuingia tena kuhitaji nenosiri. Badilisha kioo kiwe cheusi na cheupe. Mipangilio hiyo ipo karibu kila simu janja, na picha zisizo na rangi hazikuiti kwa nguvu ile ile. Kila kikwazo kinakupa sekunde chache, na sekunde hizo ndizo akili inazohitaji ili iufikie mkono.

Dalili: kitandani, kila mtu kaelekea ukuta wake

Ukiuliza kwa nini simu imelala kitandani utaambiwa ndiyo inayoamsha asubuhi. Nunua saa ya mezani yenye kengele. Nasema hivyo bila utani. Nyumba nyingi zingepona nusu ya ugonjwa huu kwa kitu hicho kimoja.

Ila chunguza chanzo kingine kabla ya kumnyang'anya mtu simu yake ya usiku. Kwa aliyeshinda na watoto, au aliyeshinda anahudumia watu kazini, zile dakika za gizani na simu huenda ndizo pekee katika siku nzima ambazo hakuna anayemtaka kitu. Ukizichukua, hutapata maongezi. Utapata mtu mwenye hasira. Mpe nafasi yake mapema zaidi, nusu saa ambayo wewe unawashika watoto na yeye haulizwi chochote, halafu uone kama usiku hatakugeukia mwenyewe.

Dalili: "Tiki zimekuwa bluu, mbona kimya?"

WhatsApp ilianza kuonyesha tiki za bluu Novemba 2014, na ndani ya mwezi huo huo ikaanza kuwapa watumiaji njia ya kuzizima. Tiki inasema jambo moja tu: ujumbe umefunguliwa. Haisemi kama aliyeufungua alikuwa anavuka barabara, yuko mbele ya mkuu wake, au ameusoma akaona unastahili jibu la kufikiriwa. Hayo yote tunayajaza sisi, na tunayajaza kwa kile tunachokiogopa. Mwenye hofu ya kuachwa anasoma kuachwa. Mwenye hofu ya kudharauliwa anasoma dharau.

Kwa hiyo mlalamikaji hapa naye achunguzwe. Kama unafungua mara kwa mara kutazama mwenzako alikuwa onlaini lini, tatizo la simu liko mikononi mwako pia, hata kama huperuzi kitu kingine. Ficheni saa ya mwisho kuonekana, nyote wawili, kwa kukubaliana. Kubalianeni na muda wa kujibu: mchana wa kazi, jibu ni likija limekuja, la haraka, piga. Na jambo zito lisianzishwe kwa maandishi kamwe. "Sawa." iliyoandikwa inaweza kuwa ridhaa, uchovu au hasira, na anayeisoma atachagua ile mbaya. Ugomvi ukishaanza kwenye meseji, anayetambua kwanza aandike, "Hili tuongee nikifika," kisha asijibu tena hadi afike.

Dalili: ukiingia, simu inageuzwa

Hapa nenda polepole, maana dalili ni moja na vyanzo vinatofautiana kama usiku na mchana.

Inaweza kuwa siri ya mtu mwingine: rafiki yake amemweleza la ndani na hana ruhusa ya kukuonyesha. Mtu mwenye mwenzi hajapoteza haki ya kutunza siri za marafiki zake. Inaweza kuwa aibu: deni, kazi iliyoharibika, kamari. Inaweza kuwa ni mtu mwingine kweli. Na inaweza kuwa ni wewe, kwamba kila ukiona meseji unauliza maswali 10, akachoka.

Ulizia badiliko, usiulizie yaliyomo. "Nimeona wiki hizi nikiingia unaigeuza simu. Zamani hukuwa hivyo. Inanipa wasiwasi." Hapo umesema ulichokiona na unachohisi, hujamshtaki kwa kitu usichokijua. Anayebeba siri ya rafiki atakuambia kwamba anaibeba, hata bila kukuonyesha. Anayegeuza swali kuwa kosa lako, kila mara, hilo nalo ni jibu la kufikiria.

Usiifungue simu yake akiwa amelala. Utakutana na nusu ya mazungumzo bila sauti zake, bila ya jana yake. Ukikuta kitu, utakuwa umekipata kwa njia itakayozungumziwa kuliko kitu chenyewe. Usipokuta kitu, utabaki na wasiwasi ule ule na juu yake siri mpya, safari hii ya kwako.

Kamari naitaja peke yake kwa sababu hujificha vizuri nyuma ya simu. Shirika la Afya Duniani, katika toleo la 11 la uainishaji wa magonjwa lililoanza kutumika 1 Januari 2022, linatambua kamari na michezo ya kwenye kompyuta kuwa vinaweza kufikia hatua ya ugonjwa. Kutumia simu kupita kiasi, kwenyewe, hakumo katika orodha hiyo. Kwa hiyo mtu akiwa na simu muda wote, tazama anafanya nini humo. Kama hali yake ya moyo inapanda na kushuka na matokeo ya mechi, kama anakopa bila maelezo, kama vitu vya nyumbani vinauzwa, kanuni za kuweka simu chumba kingine hazitafika kwenye shina. Huyo anahitaji mshauri au mhudumu wa afya ya akili, na anahitaji kusikia kwamba hatatupwa.

Na kama wewe ndiye unayelazimishwa kukabidhi simu kila jioni ikaguliwe, unapigiwa kila nusu saa uthibitishe ulipo, au simu yako imewahi kuvunjwa kwa hasira, basi huna tatizo la matumizi ya simu. Unadhibitiwa. Mwambie mtu mmoja unayemwamini, ana kwa ana au kwa simu isiyokaguliwa, na utafute msaada kabla ya kutafuta suluhu na anayekufanyia hivyo.

Dalili: mtoto anakushika kidevu

Binti yangu alikuwa na miaka 3. Alikuwa ananionyesha kitu, kitambaa alichokuwa amekikunja akasema ni mtoto wake. Nikamwambia kizuri sana, bila kuinua kichwa. Akakiweka kitambaa chini taratibu, kama mtu anayelaza mtoto kweli, akaja akanishika mashavu kwa viganja vyote viwili, akanigeuza uso. "Baba, nisikilize na macho."

Miaka ya 1970 mwanasaikolojia Edward Tronick alifanya jaribio ambalo kila mzazi angefaa kulijua. Mama anacheza na mtoto mchanga wa miezi michache, wanachekeana. Kisha anaambiwa aufanye uso wake usiwe na chochote, amtazame mtoto bila kuitikia, kwa dakika chache tu. Mtoto kwanza anatabasamu kumrudisha mama. Haitikiwi. Anatoa sauti, ananyoosha mikono. Haitikiwi. Mwisho anageuza uso, mwili unalegea, wengine wanalia. Mama hakuondoka wala hakukasirika. Uso wake tu ndio ulioondoka. Sasa jitazame siku moja kwenye kioo ukiwa unasoma simu, uone uso wako unafananaje.

Lakini Tronick alisisitiza na upande wa pili, nami nausisitiza kwa wazazi waliochoka: mama anaporudisha uso wake, mtoto humrudia. Kukatika na kuungana upya ni sehemu ya kawaida ya kulea. Kinachoumiza ni kukatika kusikounganishwa. Kwa hiyo usijitese kwa kila meseji uliyojibu mbele ya mwanao. Mfanyie kile nilichosema kwa mwenzi: mwambie unachofanya na kina mwisho gani. "Mama anamjibu bibi, nikimaliza nakuja kumwona mtoto wako." Mtoto anayejua kuna mwisho anasubiri. Asiyejua anamwaga maji, anampiga mdogo wake, anapanda juu ya kabati, kwa sababu ameshagundua kwamba vurugu huinua kichwa chako na maneno hayakiinui.

Kama huwezi kuiacha simu siku nzima, na wengi hatuwezi, linda nyakati tatu: mtoto anapoamka, mnapokutana baada ya kutengana, na anapolala. Kwa mtoto mkubwa mwenye simu yake, sheria iwe ya nyumba nzima. Kumwambia aweke simu huku yako iko mkononi kunamfundisha kwamba simu ni haki ya wakubwa, basi anasubiri kukua.

Dalili: mmekutana marafiki, na kila kichwa kimeinama

Hapa chanzo mara nyingi ni mtu wa kwanza. Mmoja akitoa simu, wa pili anaona mlango umefunguliwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, waliwaweka watu zaidi ya 300 kula na ndugu au marafiki, wengine simu zikiwa mezani, wengine zikiwa zimewekwa kando. Ripoti yao ya mwaka 2018 ilionyesha wenye simu mezani walifurahia kikao kidogo kuliko wenzao. Usihutubie. Weka yako mfukoni, muulize mmoja wao swali linalomhusu yeye, na umtaje jina.

Dalili: kazi haiishi, na kila meseji ni "ya haraka"

Hili mara nyingi ni la kweli, na mwenzako anapolidharau anakuongezea mzigo. Ufaransa, tangu 1 Januari 2017, sheria inazitaka kampuni zenye wafanyakazi 50 au zaidi kujadiliana nao kuhusu haki ya kutopatikana baada ya saa za kazi. Wengi wetu hatuna sheria ya namna hiyo, basi tujitengenezee makubaliano. Mwambie mkuu wako saa unayopatikana na njia ya dharura: "Baada ya saa 2 usiku meseji nitaziona asubuhi, la dharura nipigie." Utashangaa mangapi hayastahili kupigiwa. Nyumbani nako taja saa ya kumaliza, na ikifika simama. Mwenzako anaweza kuvumilia kazi yenye mwisho.

Mmejaribu, haikukaa

Kuna sababu tatu ninazoziona mara kwa mara. Sheria ilitungwa na mmoja akamtangazia mwenzake. Au haikuacha nafasi ya dharura, ikavunjwa siku ya kwanza mgonjwa alipopiga, na kuanzia hapo ikawa si sheria tena. Au simu iliondolewa na mahali pake hapakuwekwa kitu, mkabaki mnatazamana. Hii ya tatu inaumiza watu waliokaa muda mrefu bila kuongea, wanaona aibu kwamba hawana la kusema. Msilazimishe maongezi. Tafuteni kazi ya mikono ya kufanya pamoja, kukunja nguo, kutembea, karata. Maneno huja mikono ikiwa na shughuli.

Msikate tamaa mapema pia. Utafiti wa London uliochapishwa mwaka 2010 uliwafuatilia watu wanaojenga mazoea mapya, ukakuta wastani wa siku 66 hadi jambo lifanyike bila kulifikiria, na wengine walikuwa kwenye siku 18 huku wengine wakikadiriwa kufika 254. Kukosa siku moja hakukubomoa zoea.

Sisi nyumbani tuna neno moja tulilokubaliana: "Narudia." Mke wangu akiona macho yangu yameondoka, halalamiki wala haondoki kwenda chumbani. Anasema "narudia," nami kazi yangu ni kuweka simu chini bila kujitetea, hata kama nilikuwa nasikia, hata kama ilikuwa kazi. Kisha anaanza upya sentensi yake. Na mimi nikimwona yeye yuko kwenye yake, nalitumia vivyo hivyo. Binti yetu amelidaka, siku hizi na yeye anatuambia.